Majani ya rubabu si mboga

"Hayo majani si ni kama spinachi tu? Nikiyachemsha na magadi kidogo, nimwage maji ya kwanza, kuna shida?" Swali hili naulizwa kitaluni kila mara ninapouza mche wa rubabu (rhubarb kwa Kiingereza) hapa Nairobi. Kinachonitia hofu ni wale wasiouliza. Majani ya rubabu hayaliwi. Tunakula vikonyo peke yake, yaani vile vishina vinavyoshika jani.

Naelewa kosa linakotoka. Jani ni pana, kikonyo ni chekundu, mtu anaona spinachi iliyonenepa. Tena tumezoea managu, ambayo uchungu wake huisha ukimwaga maji. Lakini shida ya rubabu si uchungu. Ni asidi ya oksaliki, ambayo moto wa jikoni hauimalizi, na wataalamu wanashuku kuna sumu nyingine pia kwenye majani hayo. Magadi yanazidisha hatari: yanapunguza ule ukali unaokuonya mdomoni, huku oksaleti, yaani chumvi za asidi hiyo, zikibaki chakulani, zimeyeyuka. Zikiingia mwilini hushikana na kalisi (kalsiamu) na kuumiza figo. Uingereza, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walihimizwa kula majani haya kwa sababu ya uhaba wa chakula. Baadhi yao walikufa.

Aliyeyala akianza kuungua koo, kutapika au kuumwa tumbo, mpeleke hospitali na jani lenyewe mkononi. Usimtapishe kwa nguvu.

Nawasihi wateja wangu wote: kata majani hapo hapo shambani. Dada wa nyumbani hawezi kupika kitu ambacho hakikufika jikoni. Sungura na mbuzi usiwape pia. Yatupe kwenye mboji, na wanaosema yanatia mboji sumu wamekosea, kwa kuwa asidi hiyo huvunjika yakioza.

Eti kikonyo cha kijani hakijaiva? Rangi hutegemea aina. Victoria, kwa mfano, hubaki na kijani kingi na bado ni tayari kuvunwa. Uchachu wake hauondoki kwa kungoja, unataka sukari. Ila usipikie kwenye sufuria ya alumini, maana asidi huila na chakula kikawa na ladha ya chuma. Tumia ya stili. Mwenye historia ya mawe kwenye figo aachane hata na vikonyo mpaka azungumze na daktari wake.

Na huyu anayesema rubabu haioti bila theluji aende Limuru. Ubaridi wa kule unaitosha. Kinachoiua Nairobi ni joto la maeneo ya chini na udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji hadi kitako kinaoza. Inua tuta, weka samadi iliyoiva, acha sentimita 90 kati ya miche. Mwaka wa kwanza usivune. Baadaye vuta kikonyo huku ukikizungusha, uache angalau nusu kwenye mmea, na shina la maua likitokeza livunje mapema.