Je, wajua kwa nini kente ya Bonwire hufumwa kwa kanda nyembamba?

Kente ni kitambaa cha Ghana kinachofumwa kwa mkono, na Bonwire ni mji wa wafumi karibu na Kumasi. Vitanda vyao vya kufumia hutoa ukanda wenye upana wa sentimita 10 hivi tu. Shuka moja la mwanamume hupatikana kwa kushona kanda kama 24, ubavu kwa ubavu.

Chanzo ni kitanda chenyewe. Mtande, yaani nyuzi za kwenda urefu, wenye mita nyingi, hunyooshwa mbele ya mfumi hadi uwanjani na kufungwa kwenye ubao uliobebeshwa jiwe zito. Uzito huo ndio unaozikaza nyuzi, na kazi ikisonga, jiwe huburutwa polepole kumwelekea mfumi. Yeye hutenganisha nyuzi kwa miguu, kwa kamba anazozibana katikati ya vidole. Upana ukizidi, nyuzi huwa nyingi na nzito kwa vidole hivyo.

Wembamba huo ndio unaozaa urembo. Kitanda kina jozi mbili za vitanzi vya kunyanyulia nyuzi. Jozi ya kwanza hunyanyua nyuzi mojamoja, na hapo michirizi ya mtande huonekana. Ya pili huzinyanyua kwa mafungu, mshindio, yaani uzi unaopita kukingama, ukaufunika mtande wote, na rangi ikatokea nzito kama tofali. Kanda zikipangwa kwa kupishana, tofali la ukanda huu likae penye michirizi ya ule, ndipo shuka hupata miraba yake maarufu.

Hapo ndipo ufundi hupimwa. Mfumi akigandamiza mshindio kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho, matofali hayatalingana urefu. Milimita mbili hazionekani kwenye tofali moja, lakini hujilimbikiza ukanda mzima, na mshonaji hawezi kuzirekebisha bila kuuvuta ukanda hadi ukakunjamana.

Kwa hiyo ukitaka kununua, litandaze shuka lote na ufuate mstari mmoja wa miraba kutoka pindo hadi pindo. Kisha geuza upande wa pili: kente iliyofumwa ina rangi kamili pande zote na mishono ya kanda unaigusa kwa kidole, ilhali kitambaa cha kuchapwa mara nyingi hufifia nyuma na “mishono” yake ni picha tu. Kuchapwa ni rahisi na bei yake ni ndogo, lakini anayeuza kitambaa cha kuchapwa kwa bei ya kente iliyofumwa anamnyang'anya mfumi jasho lake. Desemba 2024, UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliuingiza ufundi huu katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.