Finse iko chini kuliko Arusha, ila usiende na jinzi

Dada mmoja anaishi Oslo kaniandikia juzi, ana wageni wanakuja kutoka nyumbani na anataka kuwapeleka Hardangervidda, ule uwanda wa milimani hapa Norway, kaangalia ramani kaona stesheni ya Finse ni mita 1,222 akaniuliza, kaka hivi hapo kweli panahitaji buti, mbona ni chini kuliko Arusha? Nimemjibu ila naona bora niandike hapa maana hilo swali naulizwa sana.

Ni kweli Arusha mjini ni kama mita 1,400. Lakini mita peke yake haikuambii kitu mpaka ujue uko umbali gani na ikweta. Mimi nimepandisha watu Kilimanjaro miaka tisa kabla sijahamia huku na kuanza kuongoza watu kwenye milima ya Norway, na kwa mtu anayeijua Kilimanjaro huwa naeleza hivi: kule msitu unaenda mpaka karibu mita 3,000, huku kwenye mita 1,000 na kidogo miti imeshaisha. Kwa hiyo ukishuka treni Finse (barabara ya gari haifiki, ni treni, baiskeli au miguu yako) hali ni kama umeshuka kambi ya Horombo kule Kilimanjaro moja kwa moja, mawe, nyasi fupi, upepo haukatiki, na mbele yako barafu ya Hardangerjøkulen. Mwezi wa saba bado unakuta mabaka ya theluji njiani.

Huyu Amundsen aliyekuwa wa kwanza kufika ncha ya kusini ya dunia mwaka 1911, mwaka 1896 alijaribu kuvuka hii Hardangervidda wakati wa baridi yeye na kaka yake Leon, wakapotea kwenye theluji, usiku mmoja alilala kwenye shimo la theluji asubuhi likawa limeganda amenasa ndani mpaka kaka yake akamchimba. Ni huyo huyo Amundsen, na ni kwenye uwanda ambao sehemu kubwa yake ni chini ya mita 1,400. Basi jinzi acha nyumbani, pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto lote, nguo ya ndani iwe ya sufu hata mwezi wa nane.

Sasa kinachofanya mtu wa kawaida aweze kutembea huku ni vibanda. Wenyewe wanaita hytte, na vingi vya milimani viko chini ya chama kinaitwa DNT, kilianzishwa 1868 na kina vibanda zaidi ya 500 nchi nzima. Watu wa njia ya Marangu kule Kilimanjaro hamtashangaa, vile vibanda vya pembetatu vya Mandara na Horombo vilijengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 70, mimi nimelala humo miaka yangu yote tisa na siku ya kwanza kuingia kibanda cha huku nikajiona nipo nyumbani, harufu ya mbao ile ile, vitanda vya ghorofa vile vile. Tofauti ni kwamba huku hakuna wagumu, yaani wapagazi. Hakuna wa kukubebea wala wa kukuchemshia chai njiani, mzigo wako mgongoni mwako.

Viko vya aina tatu. Kuna vyenye wahudumu, unapikiwa na kuoga unaoga, Finsehytta ni hivyo. Kuna visivyo na mtu ila vina stoo ya chakula. Na kuna visivyo na mtu wala chakula, huko unabeba mwenyewe. Mimi napenda vya katikati kuliko vyote na ndivyo vinavyowachanganya wageni wangu, yani unafika umelowa, unafungua kwa ufunguo (ni ufunguo mmoja unafungua vibanda vingi sana, mwanachama anaazimwa kwa kuweka amana kidogo), ndani hakuna mtu, kuna makopo, tambi, unga wa uji, kahawa, kuni na jiko. Unachukua unachotaka, unaandika ulichochukua na siku ulizolala, unalipa. Hakuna mlinzi. Mzee mmoja niliyemleta kutoka Moshi alisimama mlangoni mwa ile stoo akaniuliza mara mbili, na hawaibi? Nikamwambia mzee ungekuta mitungi ya gesi tupu na stoo tupu usiku wa dhoruba ndo ungejua kwa nini hawaibi, maana kila mtu anajua zamu yake itafika. Kwa hiyo ukiondoka unafagia, unaosha vyombo, unapasua kuni na kujaza lile sanduku kabisa, atakayefuata anaweza kufika vidole vimekufa ganzi hawezi kushika shoka. Shuka lililoshonwa kama mfuko, la kuingia na kulala ndani yake, uje nalo, mablanketi na mito ipo.

Njia zimewekwa alama ya T nyekundu kwenye mirundo ya mawe. Ukungu ukishuka unatoka T moja kwenda nyingine, huioni inayofuata unasimama. Na radi usiichukulie poa, mwezi wa nane 2016 radi ilipiga kundi la reinidia (wanyama jamii ya kulungu) hapo Hardangervidda wakafa 323 kwa mpigo, walikuwa wamesongamana na umeme ukapita ardhini.

Kuna sheria tisa za mlimani kila mtoto wa huku anazijua, zilitiliwa mkazo sana baada ya Pasaka ya 1967 ambapo watu 18 walikufa milimani, na ya nane inasema geuka mapema, kurudi si aibu. Mwaka juzi nilikuwa na kundi la watu sita tunatoka Finse kwenda kibanda cha Kjeldebu, safari ya kutwa nzima, baada ya masaa mawili njiani upepo ukawa unamsukuma dada mmoja mpaka anakaa chini. Nikageuza. Kaka mmoja alinuna mpaka Finse maana alishalipia kila kitu, namwelewa, ila jioni ile mvua iligeuka theluji na sisi tupo mezani tunakula supu.

Huyo dada wa Oslo nimemwambia waje mwisho wa mwezi wa saba, walale Finse siku mbili, siku ya kwanza watembee masaa matatu tu kuelekea kwenye barafu warudi, wasiikanyage bila mwongozaji. Ya pili tutaiamua asubuhi, tukishaona anga.