Je, wajua kwa nini madini uliyoyachimba mwenyewe katika EVE Online si ya bure?

Katika soko la EVE Online, mchezo wa mtandaoni wenye mandhari ya anga za mbali, si ajabu kukuta chombo cha anga kikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya madini yaliyotumika kukiunda. Mnunuzi makini hudhani muuzaji amekosea kuandika bei, lakini mara nyingi bei ni ile ile aliyoikusudia. Muuzaji ni fundi aliyechimba mwenyewe, akachenjua mwenyewe, akaunda mwenyewe, kisha akapiga hesabu kwamba kwa kuwa hakununua malighafi yoyote, kila kinachoingia mfukoni ni faida. Hesabu hiyo inavutia kwa sababu kila hatua yake inaonekana kweli. Fedha haikumtoka, chombo kimeuzwa, salio limeongezeka. Basi hasara iko wapi?

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, maelezo machache yatatosha. EVE Online ilizinduliwa tarehe 6 Mei 2003 na kampuni ya CCP Games ya Reykjavik, Iceland. Wachezaji wa karibu dunia nzima, ukiwaondoa wa China ambao wana seva yao, huishi katika ulimwengu mmoja uitwao New Eden, wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Sehemu kubwa ya vyombo, silaha na risasi hutengenezwa na wachezaji wenyewe, na kinacholipuliwa vitani hakirudi, kwa hiyo mahitaji hayaishi. Mchimbaji huanza na chombo kidogo kiitwacho Venture, hukata mawe ya asteroidi kama Veldspar, kisha mawe hayo huchenjuliwa kituoni na kutoa Tritanium, ambayo ni moja ya madini manane ya msingi. Fundi huyaingiza madini hayo kiwandani pamoja na ramani ya chombo, na ramani iliyofanyiwa utafiti wa kutosha hupunguza madini yanayohitajika kwa hadi asilimia 10. Bidhaa nyingi huishia kuuzwa Jita, mfumo wa nyota ambao kwa miaka mingi umekuwa soko kuu la New Eden. Uchumi huu ni mzito kiasi kwamba mwaka 2007 CCP ilimwajiri mwanauchumi, Eyjólfur Guðmundsson, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri.

Turudi kwa fundi wetu. Kosa lake ni kuichukulia gharama kuwa ni fedha iliyomtoka mkononi, na kwa kuwa haikumtoka, gharama anaiandika sifuri. Lakini madini yaliyo ghalani mwake yanaweza kuuzwa leo hii, kama yalivyo, bila kuguswa na kiwanda chochote, kwa sababu Jita wakati wote kuna watu walioweka oda za kuyanunua. Anapoyaingiza kiwandani anaiacha fedha hiyo. Fedha aliyoiacha ndiyo gharama ya madini, na ni gharama halisi kama vile angeyanunua kwa jirani yake.

Tumtazame mkulima wa mpunga wa Kyela ambaye pia ana mgahawa. Amevuna, amekoboa, magunia ya mchele yako stoo. Tuseme kilo ya mchele sokoni ni shilingi 3,000, na kilo hiyo ikipikwa hutoa sahani sita. Mboga, mkaa na ujira wa mpishi kwa sahani hizo sita ni shilingi 3,000 nyingine. Mkulima anaamua kuuza sahani kwa shilingi 800 ili awashinde wenye migahawa ya jirani, na kweli anawashinda, foleni inafika mlangoni. Sahani sita zinamletea shilingi 4,800. Anatoa 3,000 za mboga, mkaa na mpishi, anabaki na 1,800, na kwa kuwa mchele umetoka shambani mwake anaandika faida ya 1,800. Lakini kilo ile ile, kama angeipeleka sokoni ikiwa mbichi, ingemletea 3,000 bila kuwasha moto. Shamba lake lilikuwa limeshapata 3,000. Mgahawa umezipunguza kwa shilingi 1,200. Kwa maneno mengine, ana biashara mbili, moja inapata na nyingine inapoteza, na kwa kuwa ameziandika katika daftari moja, ile inayopata inaificha ile inayopoteza. Wateja wakiongezeka hasara inaongezeka, naye anaamini biashara inakua.

Fundi wa EVE yuko hapo hapo. Akiwa na madini ambayo Jita yangemletea ISK (fedha ya mchezo) milioni 10, naye akaunda chombo anachokiuza kwa milioni 9, uchimbaji wake umemwingizia milioni 10 na uundaji wake umepoteza milioni 1, hata kabla ya kuhesabu ada za kiwanda na kodi ya mauzo. Milioni hiyo haipotei hewani. Anaichukua mfanyabiashara anayeviwinda vyombo vya bei ya chini, akavinunua vyote na kuvirudisha sokoni dakika chache baadaye kwa bei ya kawaida. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2014 kulikuwa na njia ya moja kwa moja zaidi: mchezaji mwenye ujuzi wa kutosha aliweza kukinunua chombo cha bei ya chini, akakivunja na kupata karibu madini yote yaliyokiunda, kisha akayauza madini. Siku hizi kuvunja chombo hurudisha takriban asilimia 55 tu kwa mwenye ujuzi wa juu kabisa, kwa hiyo punguzo dogo halitoshi tena kumshawishi mtu avunje.

Wengi wanaolikubali hilo huangukia kosa la pili, ambalo linaonekana la busara zaidi. Husema: sawa, madini si bure, gharama yake ni saa nilizotumia kuyachimba. Hapana. Saa zimeshapita, na madini hayakumbuki yalichimbwa kwa muda gani. Aliyetumia Hulk, chombo cha uchimbaji chenye uwezo mkubwa, kwa nusu saa na aliyetumia Venture kwa jioni nzima wakifika Jita na kiasi sawa cha Tritanium watalipwa sawa, na wakiamua kuunda chombo, gharama yao ya malighafi ni sawa. Saa zina maana kabla ya kuchimba, mtu anapoamua achimbe au afanye kazi nyingine. Baada ya mawe kuingia ghalani, kinachohesabiwa ni bei ya leo.

Ndivyo ilivyo hata kwa akiba ya zamani. Kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi 2021 CCP ilipunguza kwa makusudi rasilimali zilizopatikana New Eden, kisha Aprili 2021 ikabadilisha ramani za vyombo vikubwa ili vihitaji vifaa vingi zaidi. Aliyekuwa na ghala lililojaa tangu enzi za neema angeweza kujisemea kwamba madini yake ni ya bei ya zamani. Hayakuwa hivyo. Siku bei ilipopanda, gharama ya kila kipande kilichokuwa ghalani ilipanda nayo, kwa sababu kile ambacho kingeweza kupatikana kwa kukiuza kilipanda.

Kuna kisa kimoja cha ajabu katika historia ya mchezo kinachoonyesha jinsi matumizi mbadala yanavyoshika bei ya madini. Hadi mwaka 2010, bima ya vyombo ililipa kiasi kilichopangwa na mfumo bila kufuata soko. Madini yaliposhuka bei kupita kiwango fulani, kuunda chombo, kukikatia bima ya juu kabisa na kukilipua kwa mkono wako mwenyewe kulileta fedha zaidi ya thamani ya madini, hata baada ya kutoa ada ya bima. Watu walifanya hivyo kwa makusudi, tena kwa wingi. Matokeo yake ni kwamba bei ya madini ilikuwa na sakafu: hakuna aliyekubali kuuza chini ya kile ambacho mlipuko ungemlipa. Mwaka huo, kwa toleo la Tyrannis, malipo ya bima yalifungamanishwa na bei za soko na sakafu hiyo ikaondolewa. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu unaonyesha kwamba thamani ya Tritanium haikutoka kwenye jasho la mchimbaji wala kwenye chombo kilichoundwa, ila kwenye njia bora kuliko zote ya kuitumia iliyokuwa wazi wakati huo, hata kama njia hiyo ni kulipua mali.

Hata hivyo, tahadhari zinahitajika, kwani anayesema kujichimbia hakusaidii chochote naye amezidisha. Jita ina bei mbili za kila madini: ya walioweka oda za kununua, na ya walioweka oda za kuuza, ambayo huwa juu zaidi. Katikati kuna pengo, na juu yake kuna ada ya dalali na kodi ya mauzo. Mchimbaji anayeuza papo hapo hupata bei ya chini, tena baada ya kukatwa kodi. Fundi anayenunua papo hapo hulipa bei ya juu. Mtu mmoja anayefanya kazi zote mbili halipi pengo hilo, na akiba yake hapo ni ya kweli. Ukubwa wake hutegemea madini na siku, lakini ni sehemu tu ya bei, kamwe si bei nzima.

Umbali nao hubadilisha hesabu. Tritanium ina thamani ndogo kwa kila mita ya ujazo, na kuisafirisha kutoka mifumo isiyo na ulinzi wa CONCORD, ambao ndio polisi wa mchezo, kunahitaji mafuta, walinzi na ujasiri. Kwa mchimbaji wa huko, bei anayopaswa kuiandika ni ya Jita ikiwa imetolewa gharama za safari, au bei ya soko la kwao kama lipo. Chombo ambacho kingekuwa hasara kukiunda karibu na Jita kinaweza kuwa na faida nzuri kikiundwa huko na kuuzwa huko. Na yuko mchezaji anayetaka tu kuruka na chombo ambacho kila sehemu yake imepita mikononi mwake. Huyo hakosei hata kidogo, mradi ajue raha hiyo inamgharimu kiasi gani.

Mashirika mengi ya wachezaji yamelimaliza suala hili kwa utaratibu ulio rahisi. Shirika hununua mawe kutoka kwa wachimbaji wake kwa asilimia iliyotangazwa ya bei ya ununuzi ya Jita, likibakiza kidogo kwa ajili ya usafiri na usumbufu, kisha huwapa mafundi wake madini kwa bei inayojulikana. Mchimbaji hulipwa siku hiyo hiyo bila kusafiri, fundi huanza kazi akiwa na gharama iliyoandikwa wazi, na anayefanya kazi zote mbili hujiuzia mwenyewe kwa bei hiyo hiyo, akaandika uchimbaji katika safu moja na uundaji katika safu nyingine.