Kalsiamu na insulini: kinachotokea kongoshoni baada ya hamri la asubuhi

Halati yangu anaishi Mji wa Kale, na ana kisukari cha aina ya pili. Siku moja aliniuliza: "Mwanangu, nasikia kalsiamu ndiyo inayotoa insulini. Basi nikizidisha maziwa, si itatoka nyingi?" Alichosikia ni kweli. Maziwa ndiyo hayaingii katika hesabu hii, na kuona ni kwa nini lazima tushuke mpaka ndani ya seli yenyewe.

Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hutengenezwa kwenye kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya seli viitwavyo visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani Paul Langerhans aliyevieleza mwaka 1869. Mtu mzima ana visiwa karibu milioni moja. Seli zinazotoa insulini humo huitwa seli beta, na kila moja ina akiba ya vifuko kama 10,000 vilivyokwisha kujazwa insulini. Kwa hiyo baada ya kula, seli haianzi kwanza kuipika. Ipo tayari, inangoja amri ya kutoka, na amri hiyo huletwa na kalsiamu.

Kalsiamu iliyo nje ya seli ni nyingi kuliko ya ndani kwa karibu mara 10,000. Seli ni kama mashua iliyo katikati ya maji, na baharia hachoki kuyakumba kwa upo. Pampu zake huitoa kalsiamu usiku na mchana. Uhaba huo wa ndani ndio unaoipa kalsiamu nguvu ya kuwa ishara: ikiingia kidogo tu, seli nzima inahisi.

Sasa tule hamri na mbaazi za nazi. Wanga unasagwa kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu inaingia kwenye seli beta. Humo inapokelewa na kimeng'enya kiitwacho glukokinasi, ambacho kwangu mimi ndicho mpimaji halisi wa sukari mwilini, kwa sababu kasi yake hupanda na kushuka kwa kufuata kiwango cha glukosi. Glukosi ikichomwa hutoa nishati iitwayo ATP.

Kwenye utando wa seli mna milango ya potasiamu. Seli ikiwa imetulia milango hii huwa wazi, potasiamu inatoka na chaji yake chanya, na ndani panabaki hasi, kiasi cha milivolti 70. ATP ikiongezeka, milango hiyo inafungwa. Potasiamu inabaki ndani, na ule uhasi unapungua. Hapo ndipo milango mingine, ya kalsiamu, inapofunguka. Hii haiijui sukari hata kidogo. Inafuata umeme tu. Kalsiamu inamiminika ndani, inashikwa na protini iitwayo sinaptotagmini, na vifuko vilivyo karibu na utando vinaungana nao na kumwaga insulini kwenye damu.

Mmwago wa kwanza ni wa haraka na hudumu kama dakika 10. Baadaye insulini huendelea kutoka polepole, kwa mawimbi, maana kalsiamu yenyewe huingia na kutolewa kwa mawimbi. Katika kisukari cha aina ya pili, ule mmwago wa kwanza ni miongoni mwa mambo yanayopotea mapema.

Nikamwambia halati: maziwa ni mazuri kwa mifupa yako, lakini mwili hulinda kiwango cha kalsiamu ya damu kwa ukali, haukiachi kiongezeke kwa sababu ya glasi moja zaidi. Na hapo nje ya seli kalsiamu haijapungua. Shida iko milangoni na kwenye seli zilizochoka.

Vidonge vyake vya glibenklamaidi vinafanya kazi papo hapo mlangoni. Vinafunga ile milango ya potasiamu, na kalsiamu inaingia. Dawa za kundi hili, salfonilurea, zilianza kutumika miaka ya 1950, ilhali milango hiyo ya seli beta iligunduliwa mwaka 1984. Watu walimeza dawa karibu miaka 30 kabla ya kujulikana inagusa wapi.

Lakini kidonge hakingoji chakula. Mlango unafungwa hata kama damu haina sukari ya kutosha, kalsiamu inaingia, insulini inatoka, na sukari inashuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kizunguzungu, hata kuzimia. Ndiyo maana daktari husisitiza kidonge kiendane na mlo, na ndiyo maana nilimsihi halati aende kliniki kabla ya Ramadhani kuandama, apangiwe upya dawa na saa zake, asisubiri mpaka siku ya kwanza ya saumu.