Je, picha haihitaji kufundishwa?

Wengi huamini kuwa maandishi ndiyo hufundishwa, ila picha kila mwenye macho anaielewa, hasa watoto waliokulia kwenye skrini. Imani hiyo ina msingi wake: hata mtoto mdogo humtambua mbwa aliyechorwa. Lakini kutambua kilichomo ni jambo moja, kujua picha inakusudia kusema nini ni jambo jingine, na hapo wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi huhitaji mwalimu.

Chukua grafu ya nguzo inayoanzia 90 badala ya 0. Nguzo ya 100 itaonekana ndefu mara mbili ya ile ya 95, ilhali tofauti yao ni kama asilimia 5 tu. Macho makali hayasaidii. Kinachosaidia ni mazoea ya kuanza na namba za pembeni. (Hata sisi watu wazima hunaswa.)

Jaribu nyumbani. Toboa karatasi kidirisha, funika picha ya gazeti ubakize uso mmoja, umuulize mtoto kunatokea nini. Ondoa karatasi, uliza tena: “Umeona nini hata ukasema hivyo?” Mara nyingi jibu hubadilika.