Umeingia Marekani kwa viza ya kutembea na mwenzio ni raia, je unaweza kuomba grini kadi hapo hapo?

Hili swali linanifuata kila mahali, kwenye WhatsApp, msibani, hata kwenye harusi mtu ananivuta pembeni na sahani ya pilau mkononi: "Wakili samahani, mume wangu ni raia wa huku, mimi niko na B-2, ile viza ya kutembea, nasikia lazima nirudi nyumbani ndo nianze makaratasi, ni kweli?" Alafu kuna yule mwingine keshaambiwa na shoga yake kwamba we njoo tu, ukifika mfunge ndoa, mjaze fomu, basi, mwezi wa tatu una kadi. Wote wawili wameshika nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndo inayowaumiza watu.

Nianze na sheria yenyewe. Kifungu cha 245 cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, ile INA, kinasema mtu aliyeingia kwa mlango, akakaguliwa na afisa na kuruhusiwa kupita, anaweza kubadilisha hadhi yake akiwa humu humu ndani bila kwenda ubalozini. Mke au mume wa raia anawekwa kwenye kundi la ndugu wa karibu kabisa, kundi ambalo halina foleni ya viza, na limesamehewa mambo mawili ambayo kwa wengine ni kikwazo: kupitiliza siku zilizoandikwa kwenye I-94, ile rekodi ya kuingia kwako, na kubeba boksi, yaani kufanya kazi, bila kibali. Kwa hiyo dada ambaye I-94 yake iliisha mwaka jana bado ana mlango, ilimradi aliingia na viza yake halali na ndoa ni ya kweli. Kwa hapo, yule shoga yuko sahihi.

Ila kuruhusiwa kuomba ni jambo moja na kukubaliwa ni jambo lingine, maana grini kadi ya namna hii iko mkononi mwa afisa, anapima mwenyewe kama unastahili. Na kitu cha kwanza anachokitafuta kwenye faili la mtu wa B-2 ni nia. Siku ile unapita uwanja wa ndege, kichwani mwako ulikuwa unakuja kutembea au unakuja kuhamia?

Viza ya kutembea imejengwa juu ya ahadi kwamba utarudi. Kifungu cha 214(b) kinamtaka afisa wa ubalozi amhesabu kila muombaji kuwa ni mhamiaji mpaka muombaji mwenyewe aoneshe vinginevyo, ndo maana wanakuuliza kazi, nyumba, watoto umewaacha na nani. Sasa wewe umeapa pale kwamba unakwenda wiki tatu kumuona binamu yako Houston, umefika, wiki ya pili uko kortini na bwana harusi, wiki ya tano umetuma I-485, fomu ya kuomba grini kadi. Afisa akisoma hilo faili anaona tarehe tatu zinazomwambia hadithi moja, na hadithi hiyo ni kwamba ulidanganya ili upewe viza. Akiamua hivo, kuna kifungu cha 212(a)(6)(C)(i), hicho kinakufungia maisha, sio miaka mitatu wala kumi. Msamaha upo, unaombwa kwa fomu I-601, lakini mpaka uthibitishe kwamba mumeo, mkeo au mzazi wako ambaye ni raia au ana grini kadi atapata taabu kubwa kupita kiasi ukiondolewa, na watoto hawahesabiwi kwenye hiyo hesabu. Jamani, msichezee hiki kifungu.

Hapa ndo watu wanaleta ile habari ya siku 90. "Nimeambiwa nisubiri siku 90 zipite alafu niombe, nitakuwa salama." Hiyo kanuni ni ya wizara ya mambo ya nje, iko kwenye mwongozo wa mabalozi tangu Septemba 2017, na inasema mgeni akifanya jambo lisiloendana na viza yake ndani ya siku 90 za kuingia, kama kufunga ndoa na raia na kuhamia kwake, wanaweza kuchukulia kwamba alidanganya. USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ambao ndio wanaoamua I-485 yako, hawajafungwa na kanuni hiyo, japo maafisa wao wanaijua vizuri tu. Kwa hiyo siku ya 91 haina muujiza wowote. Kama ulikuja na mpango, umeuandika kwenye simu, umenunua na shela, siku ya 120 bado ulikuja na mpango. Na kama hukuwa na mpango, kweli ulikuja kwenye mahafali ya mdogo wako, mkaelewana na mchumba wako wa zamani mkaamua kuoana siku ya 50, hiyo inaelezeka, ila uwe tayari kuieleza kwa ushahidi: tiketi ya kurudi ulokuwa nayo, barua ya likizo kutoka kazini, kodi ya nyumba iliyoendelea kulipwa Dar.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo linawatia watu moyo na nalisema kwa tahadhari. Bodi ya rufaa ya uhamiaji ilitoa maamuzi mawili, la Cavazos mwaka 1980 na la Ibrahim mwaka 1981, na kutokana na hayo, kwa mke au mume wa raia, nia ya kubaki peke yake isipokuwa na doa lingine haitakiwi kuwa sababu ya kumnyima. Uongo ni doa lingine. Tofauti ni nyembamba lakini ndo kesi nzima: mtu ambaye alikuwa na matumaini moyoni na hakuulizwa, na mtu ambaye aliulizwa na akajibu kinyume.

Na unaulizwa mara nyingi kuliko unavofikiri. Fomu ya DS-160, ile ya kuombea viza, inauliza hali ya ndoa, inauliza kama una mume, mke au mchumba Marekani na hadhi yake ni ipi, inauliza kama kuna mtu amewahi kukuombea uhamiaji. Uwanjani afisa anakuuliza umekuja kufanya nini na unakaa wapi. Akitilia shaka anakupeleka chumba cha pili, na huko wanafungua simu na sanduku. Wanachokitafuta kwenye sanduku ndo hiki: vyeti vyako vyote vya shule orijino, cheti cha kuzaliwa, nguo za baridi za mwaka mzima, kanga za kupokelewa bi harusi, albamu ya picha za familia. Mtu anayekuja wiki tatu habebi cheti cha kidato cha nne. Kwenye simu wanasoma meseji, na ile moja tu ya "nikifika tunafunga ndoa alafu tuanze makaratasi" inatosha kukurudisha na ndege inayofuata ukiwa na marufuku ya miaka mitano, na wakiandika kwamba ulidanganya, ndo kile kifungu cha maisha tena.

Kwa hiyo ukinipigia uko bado nyumbani, mmeshaoana au mna mpango wa kuoana, na unaniuliza uje na B-2 uombe ukiwa huku, jibu langu ni hapana na sitakusaidia kupanga hivo. Njia yako ni mwenzio afungue I-130, fomu ya raia kumuombea mwenziwe, faili liende kituo cha taifa cha viza, alafu usahili ubalozini. Ni ndefu, mara nyingi inapita mwaka, lakini unashuka kwenye ndege ukiwa mkaazi halali. Najua kwa Watanzania na Warundi njia hiyo imezibwa na tangazo la rais la Desemba 2025, ambalo kuanzia Januari 2026 linasimamisha viza za kuhamia na za kutembea kwa nchi hizo. Inauma, lakini haibadilishi hesabu ya uongo.

Sasa kuna watu ambao hata hii njia ya ndani haiwahusu na wanapoteza hela bure. Kama mwenzio ana grini kadi tu, hajawa raia, wewe uko kwenye foleni ya F2A, ile ya wenza wa wenye grini kadi, na ule msamaha wa kupitiliza siku huna, ukikaa unasubiri foleni I-94 ikaisha umejifungia mwenyewe, labda mwenzio apate uraia kwanza. Mabaharia, hili nawasemea watu wa Mombasa na Unguja hasa: ukiingia kama mfanyakazi wa meli kwa viza ya D au C-1/D, ukashuka bandarini ukabaki, ndoa na raia haikupi I-485, sheria inakutaja waziwazi. Waliokuja na J-1, viza ya programu za kubadilishana, yenye sharti la kurudi miaka miwili nao wamalize lile sharti au wapate msamaha wake. Na wale ndugu zetu wenye pasi ya Uingereza wanaoingia kwa ESTA, ile ruhusa ya kuingia bila viza, wanaweza kuomba, ila wakinyimwa hawana haki ya kupinga kuondolewa mbele ya jaji, isipokuwa wakiomba ukimbizi.

Kuna na hii ya dhamana. Tangu Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa kwenye mpango ambapo muombaji wa viza ya kutembea anaweza kutakiwa kuweka dola 5,000, 10,000 au 15,000. Masharti yake yanasema kuomba kubadilisha hadhi ukiwa ndani kunahesabiwa kuwa ni kuvunja masharti ya dhamana. Yaani kama shemeji yako ndo alikuwekea hizo hela, mwambie kabla hujasaini I-485.

Makaratasi yenyewe, fomu ni I-130 na I-485, zinatumwa pamoja, na I-864 ya udhamini, I-693 ya daktari, na ukitaka I-765 ya kibali cha kazi na I-131 ya kusafiri. Kwa bei zilizoanza Aprili 2024, za karatasi, ni dola 675 za I-130, 1,440 za I-485, 260 za I-765 na 630 za I-131, jumla 3,005 kabla daktari hajakutoza. Mdhamini awe na kipato cha asilimia 125 ya mstari wa umaskini, kwa 2025 familia ya watu wawili ilikuwa kama dola 26,437. Na I-693 siku hizi lazima iende pamoja na I-485, sheria hiyo ilianza Desemba 2024, daktari awe kwenye orodha ya USCIS. Msiogope chanjo ya BCG ya utotoni, kipimo cha kifua kikuu wanachotumia ni cha damu, hakichanganywi na ile chanjo.

Kinachokwamisha mafaili ya watu wetu zaidi ni talaka. Mtu alioa Tanga mwaka 2009, wakaachana, alitoa talaka tatu kwa mdomo mbele ya wazee, kila mtu mtaani anajua, karatasi hamna. Kwa USCIS huyo bado ana mke, na ndoa ya pili inahesabika batili mpaka aoneshe kwamba ya kwanza ilivunjika kihalali kwa sheria ya kule ilikovunjikia, kabla ya tarehe ya ndoa mpya. Fuatilieni cheti cha talaka kwa kadhi au mahakamani, na ikionekana talaka haikukamilika kisheria basi ikamilisheni na mfunge ndoa upya, msitume faili mkitegemea hawataona, maana cheti cha ndoa cha huku kinauliza ndoa za zamani na DS-160 yako ya zamani ina jina la mke. Uke wenza nao, Marekani inatambua ndoa ya kwanza tu, mke wa pili hata awe na cheti cha BAKWATA hapiti kwa mlango huu. Vyeti vya Kiswahili vinatafsiriwa vyote neno kwa neno, na mtafsiri anaandika na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, basi, mhuri wa mwanasheria hautakiwi.

Ukishatuma, usitoke nje ya nchi bila kile kibali cha I-131 mkononi. Msiba ukitokea nyumbani ndo watu wanapoharibu, simu imepigwa usiku, asubuhi mtu yuko uwanjani, na I-485 inahesabika ameitelekeza. Aliyekuwa amepitiliza zaidi ya siku 180 anajiongezea marufuku ya miaka mitatu, zaidi ya mwaka ni kumi. Kibali cha dharura kinaweza kuombwa kwa miadi kwenye ofisi ya USCIS ya eneo lako, ukiwa na cheti cha kifo au barua ya hospitali, nipigieni kwanza kabla ya kukata tiketi.

Na hali ya sasa sio ya miaka ile. Tangu 2025 mwongozo wa USCIS unasema waziwazi kwamba I-130 pekee haikupi hadhi yoyote na anayenyimwa anaweza kupelekwa mahakama ya uhamiaji, Novemba 2025 huko San Diego kuna wenza wa raia walikamatwa siku ya usahili wao kwa sababu viza ziliisha, na USCIS imesimamisha maamuzi kwa watu wa nchi zilizo kwenye orodha ya matangazo ya rais. Kwa hiyo aliyepitiliza siku, hata kama sheria inamsamehe, asiingie usahili peke yake.

Mkija kuniona leteni pasi zote, ya zamani na mpya, I-94 mnaitoa bure kwenye tovuti ya CBP, wale maafisa wa mipakani, vyeti, na kitu ambacho karibu kila mtu anakuja bila nacho: kopi ya DS-160. Wengi mlijaziwa na ajenti wa viza, kijana wa stationery pale mjini, akaandika hujaoa ili "isilete maswali", na hukusoma ukabonyeza kusaini. Majibu yale kisheria ni yako, na I-485 inakuuliza kama umewahi kudanganya kwenye maombi ya viza. Mtafuteni huyo kijana kwanza, akutumieni hiyo fomu kabla hatujaandika hata herufi moja.