Uzito wa kurukia ni nini?

Ndege aina ya kozi aliyefunzwa kuwinda akishaachiwa angani hana kamba mguuni ya kumvuta. Akitaka kwenda zake, anakwenda. Hana utii wa mbwa; hurudi kwenye glavu ya mfugaji wake kwa kuwa amezoea kupata nyama pale, na saa hiyo anaitaka. Uzito wa mwili unaomfanya aitake nyama hiyo huku nguvu zake zikiwa kamili ndio wafugaji wa ndege wawindaji huuita uzito wa kurukia.

Wengi hudhani hiyo ni njia ya adabu ya kusema ndege anashindishwa njaa. Wahenga walisema kozi mandanda, kulala njaa kupenda. Huyu wa kufugwa hana hiari hiyo, kwa hiyo kosa la mizani ni la mfugaji. Akinenepa kupita kiasi, atatua juu ya mti na kukutazama tu hata ukipunga chambo mchana kutwa. Akikonda mno, misuli huanza kuliwa na mwili wenyewe, na hapo kifo hakiko mbali.

Ndiyo maana hupimwa kila siku, kwa gramu, saa ileile, kabla hajala. Pia lazima awe ameshatapika donge la manyoya na mifupa ya mlo uliopita, la sivyo mizani itadanganya. Kwa ndege mdogo wa gramu mia na kitu, gramu tano ni nyingi. Wazoefu hawaiamini mizani peke yake: hupapasa mfupa wa kidari kwa vidole. Ukichomoza kama makali ya kisu, ndege amekonda, namba iseme inachosema.

Na namba yenyewe haitulii. Baridi huunguza chakula haraka, hivyo mlo huongezwa. Mazoezi nayo hujenga misuli, na ndege aliyeanza msimu kwa uzito fulani huweza baadaye kuruka vizuri akiwa mzito zaidi. Anayeng'ang'ania namba ya mwanzo anamdhoofisha ndege wake bila kujua.

Msimu wa kubadili manyoya hesabu hii huwekwa kando na ndege hulishwa ashibe. Njaa wakati unyoya unakua huacha mstari dhaifu unaoukata kwa upana, na mara nyingi unyoya huja kuvunjikia hapohapo.